Msamaha wa wafungwa mahututi usingoje Desemba

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mfungwa aliyepata ugonjwa usiopona afie hukohuko gerezani, kwa sababu aliyeuawa naye hakupata wasaa wa kuaga ndugu zake. Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo kwa miaka mingi, tena nikiwa na funguo kiunoni.

Nimelitumikia Jeshi la Magereza miaka 31, nikastaafu na cheo cha sajini. Si mtu wa machozi. Nimetoa wafungwa kwenda shambani asubuhi za Juni kule Nyanda za Juu Kusini, ukungu umeshika hadi humwoni mwenzako hatua tano mbele, na aliyelalamika baridi nilimwambia jembe ndilo koti lake. Hila zao nazijua. Yupo aliyetafuna sabuni atoe povu, tudhani ana kifafa. Mganga wa zahanati alimnusa mdomo tu, jamaa akarudishwa shambani saa ileile. Mwingine alitumbukiza kipimajoto kwenye chai, kikasoma homa ambayo hakuna binadamu angekuwa nayo akabaki amesimama. Kwa hiyo naomba msomaji huyo asinihesabu miongoni mwa wanaodanganywa na kikohozi.

Nataka kumweleza habari za mtu mmoja. Askari na wafungwa wote tulimwita Fundi, na jina lake halisi naliacha alipozikwa. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya gereza. Sare zetu zikija kubwa yeye ndiye aliyezipunguza, na suruali aliyonikunja pindo hata leo ninayo, ule mshono haujaachia. Aliingia mwaka 2003 na kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa kilabuni, ulanzi umekolea, ugomvi wa deni la madebe mawili ya mahindi. Akamtwanga shemeji yake na gongo la mti kichwani, shemeji hakuamka. Na huyo shemeji alikuwa mume wa dada yake Fundi, wa tumbo moja.

Mwaka 2009, mwezi wa tano, Fundi akaanza kusukumia ugali kwa maji. Wenzake wakamtania kwamba anadeka. Baada ya wiki chache ugali ukagoma kabisa hata kwa maji, nyapara wa jikoni akawa anamchujia mchuzi wa maharage kwenye kikombe. Tulipompeleka hospitali, jibu likaja ni saratani ya koo na imeshashuka mbali. Daktari alituambia kwamba hata akipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, atakachopata ni kupunguziwa maumivu. Akalazwa palepale, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mguu wa kushoto umefungwa pingu na mnyororo wake umezungushwa kwenye chuma cha kitanda. Dawa ya maumivu iliyokuwapo ilikuwa panadoli, ikasagwa na kukorogwa kwenye maji kwa kuwa nzima haikupita.

Nilikuwa miongoni mwa walinzi wake. Mfungwa akilazwa hospitali ya nje hulindwa usiku na mchana. Sisi tulikwenda wawili wawili kwa zamu tatu, maana yake askari sita kila siku kwa mtu ambaye kufikia Agosti hakuweza kukaa bila kushikwa mgongo. Gereza lina upungufu wa askari, gengi la shamba linatoka na walinzi pungufu, na sisi sita tunalinda kikombe cha uji.

Zamu ya jioni nilikwenda na redio yangu ndogo ya betri mbili. Tarehe 20 Agosti, kama mtakumbuka, Waziri wa Sheria wa Scotland, Kenny MacAskill, alimwachia Abdelbaset al-Megrahi, yule Mlibya aliyehukumiwa kwa kulipua ndege juu ya mji wa Lockerbie mwaka 1988. Alikuwa na saratani ya tezi dume, madaktari walikadiria amebakiza kama miezi mitatu, akaruhusiwa kwenda kwao kufa. Taarifa ikasomwa kwenye Dira ya Dunia ya BBC, nami nikasonya. Nilidhani Fundi amelala.

Akaniuliza, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki upepo tu, “Afande, huyo aliua wangapi?”

Nikamwambia, mia mbili na sabini.

Akakaa kimya mpaka nikafikiri usingizi umemrudia. Halafu akasema, “Mimi mmoja.” Hakuongeza neno, na mimi sikujua niseme nini, nikaizima redio nikasingizia betri.

Dada yake alikuja karibu kila siku na chupa ya chai yenye uji wa ulezi, mwembamba, ameuchuja mara mbili. Safari ya saa mbili kwa basi kutoka kijijini kwao. Siku ya kwanza nilimkagua kama tunavyokagua wote, nikafungua chupa, nikakoroga uji kwa kijiko nione kama kuna kitu ndani, naye akanitazama tu. Nilipokwisha kumzoea nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, “Mama, huyu si ndiye aliyekuacha mjane?”

“Ndiye, afande. Na ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki. Sasa nifanyeje, nimkate katikati?”

Msomaji wenu atasema huyo ni dada, damu nzito. Sawa. Mdogo wa yule shemeji aliyeuawa naye alikuja, mara moja tu. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia yake mkononi, akamtazama Fundi kama dakika mbili, akaondoka bila kumsalimia mtu. Sina la kumlaumu. Sidai kwamba kila aliyefiwa lazima asamehe, hilo ni lake na Mungu wake. Ninachosema kinahusu Serikali, ambayo haikufiwa na shemeji.

Daktari alikuwa ameshaandika tangu mwezi wa saba kwamba mtu huyu hatapona. Mkuu wa gereza, nitamshukuru hadi nife, hakuilalia barua ile hata siku moja, akaipandisha mkoani, mkoa ukaipandisha. Jibu likarudi zuri: mfungwa ana sifa, jina liingizwe kwenye orodha ya msamaha wa sherehe za Uhuru. Yaani tarehe 9 Desemba. Tulikuwa mwanzoni mwa Septemba.

Dada alipoambiwa alihesabu kwa vidole vyake kwenye ukingo wa kitanda. Septemba, Oktoba, Novemba. Akaniambia, “Nipeni tu nikalale naye nyumbani. Kama mnaogopa atatoroka, njoo na bunduki yako ukae mlangoni, mimi nitakupikia.” Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani usiku ule nilijiuliza, hivi ni kitu gani hasa kinachomkatalia huyu mama?

Kuna siku moja ya mwisho wa Septemba nisiyopenda kuikumbuka. Afisa kutoka mkoani alikuwa anapita kukagua walinzi wa hospitali. Nikiwa najiweka sawa, nikaona pingu iko juu ya shuka na mguu wa Fundi uko pembeni yake. Sikuwa nimeifungua. Mguu ulikuwa umekonda kiasi kwamba alipojigeuza, kisigino kilipita kwenye pingu chenyewe, kama mkono wa mtoto unavyopita kwenye bangili ya mama yake. Ilikuwa imefungwa tundu la mwisho, hapakuwa na la kuongeza. Nikasimama pale nikisikia viatu vya afisa kwenye korido. Fundi akaniona ninavyohangaika. Akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akaurudisha ndani ya pingu mwenyewe, akavuta shuka. Afisa akapita, akauliza kama kila kitu ni salama, nikapiga saluti nikasema salama.

Alifariki tarehe 27 Oktoba alfajiri, zamu isiyo yangu. Mtu akifia mikononi mwa dola sheria inataka kifo chake kichunguzwe, na hiyo ni sheria nzuri, lakini siku zile ilimaanisha dada yake akae siku tatu kwenye benchi la nje akisubiri karatasi ndipo apewe mwili. Uhuru ulipofika, orodha ikaja kama kawaida. Jina la Fundi lilikuwamo. Karani alikuwa likizo, nikaambiwa nijaze mimi. Kwenye safu ya maelezo niliandika “marehemu” kwa kalamu nyekundu, jinsi tulivyofundishwa, fomu ikarudi ilikotoka.

Nilipostaafu nilinunua nakala ya Katiba kwenye duka la vitabu, nikaisoma Ibara ya 45 taratibu, mstari kwa mstari. Inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu yeyote aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama kwa kosa lolote, kwa masharti au bila masharti. Inampa uwezo wa kumwachilia mtu kabisa au kwa muda maalumu. Nimeisoma mbele na nyuma. Neno Desemba halimo. Aprili haimo. Kusamehe wafungwa siku ya Uhuru na siku ya Muungano ni desturi, na ni desturi nzuri kwa mfungwa mzima wa afya, ambaye miezi mitatu kwake ni miezi mitatu. Kwa mwenye saratani ya koo mambo ni mengine.

Na uwezo huo ni mpana kuliko tunavyoutumia. Tarehe 9 Desemba 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao walitoka siku hiyohiyo. Wote tunakumbuka kwamba ndiyo siku wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha walipotoka gereza la Ukonga, na wale walikuwa na kifungo cha maisha. Miaka miwili baadaye, Mwanza, wakasamehewa 5,533. Kwa hiyo mkono wa Rais unafika popote ukitaka kufika.

Matangazo ya msamaha tunayoyajua yana kipengele cha wagonjwa: wenye UKIMWI, kifua kikuu na saratani walio katika hatua ya mwisho, wathibitishwe na jopo la waganga chini ya uenyekiti wa Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya. Nakipenda kipengele hicho, aliyekiandika alikuwa na moyo. Lakini jopo lenyewe huitwa lini? Kwa nilivyoona mimi, huitwa msimu wa orodha ukikaribia. Anayefikia hatua ya mwisho mwezi wa kwanza amekosa treni. Na tangazo hilohilo huwa na orodha ya pili ya wasiohusika: waliohukumiwa kunyongwa, wa vifungo vya maisha, wa dawa za kulevya, wa unyang'anyi, na wengine. Hao hata wakibakiza wiki moja, kipengele cha wagonjwa hakiwafikii.

Halafu kuna mahabusu, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa kabisa. Ibara ya 45 inamzungumzia aliyepatikana na hatia. Mahabusu hajapatikana na hatia, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Kama kesi yake ni ya mauaji au unyang'anyi wa silaha, dhamana hana. Anayeweza kumwondolea mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Nimewahi kumpandisha kwenye karandinga mahabusu mwenye ini lililokufa, tumbo limejaa maji, tukampeleka mahakamani akasikilize kesi yake ikiahirishwa siku 14. Tulimpandisha kwa kumbeba, tukamteremsha kwa kumbeba. Laiti angekuwa na hatia, angalau angekuwa na orodha ya kuingia!

Najua mtakachoniuliza: wakubwa hawatautumia mlango huo kutokea? Watautumia wakiachiwa. Mwaka huohuo wa 2009, mwezi wa tatu, Afrika Kusini ilimtoa Schabir Shaik kwa sababu za ugonjwa. Mfanyabiashara huyo alikuwa amefungwa miaka 15 kwa rushwa na ulaghai. Mahututi gani, magazeti ya kwao yakaja kuandika kwamba ameonekana kwenye uwanja wa gofu. Wenzetu hawakufunga mlango kwa hasira. Walibadili sheria, wakaunda bodi ya kitabibu ya kuchunguza maombi hayo. Hata yule Megrahi aliyepewa miezi mitatu aliishi mpaka Mei 2012, na kuna waliosema Scotland imetapeliwa. Mimi naona daktari alikadiria akakosea, basi. Afadhali daktari akosee upande huo. Na kama tunaogopa, msamaha wa masharti upo kwenye Katiba: mtu akae kwao, aripoti, jopo limwone tena baada ya miezi sita. Akionekana uwanja wa mpira anakimbia, tunajua pa kumpata.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jingine. Nimeshuhudia mfungwa akisamehewa kwa ugonjwa, akapewa nauli na mfuko wake wa nailoni, gari ya gereza ikamteremsha stendi. Alikuwa na UKIMWI na kifua kikuu kwa pamoja, na ndugu zake walikuwa wamehama bila kuacha habari. Alikaa kwenye benchi la stendi siku mbili, akinunuliwa chai na mama ntilie, mpaka polisi walipomchukua kumpeleka hospitali. Alikufa wiki ileile. Gereza lilikuwa limepunguza idadi kwa mmoja. Kwa hiyo kabla karatasi ya msamaha haijatiwa saini, mtu apige simu kijijini. Kuna nani? Nani atamwosha? Kuna zahanati gani karibu, na mhudumu wa wagonjwa wa majumbani anajua kwamba anakuja? Maofisa ustawi wa jamii wapo, kazi hiyo ni yao na wanaiweza. Asiye na mtu atafutiwe kitanda hospitali, lakini bila mnyororo.

Jirani zetu Kenya wameweka katika Ibara ya 133 ya Katiba yao kwamba Rais anaweza kutumia uwezo wa huruma kwa ombi la mtu yeyote, akishauriwa na kamati. Mtu yeyote! Yule mama wa uji wa ulezi angeandika mwenyewe, au angemtuma mwanawe wa sekondari aandike. Siwasifu kupita kiasi, sijui mafaili yao yanakaa mezani muda gani. Ila mlango una kitasa upande wa nje.

Kwetu, Ibara hiyohiyo ya 45 inasema Bunge linaweza kutunga sheria ya kuweka utaratibu ambao Rais ataufuata katika kutumia madaraka haya. Naomba waheshimiwa wabunge waifungue wasome. Sheria fupi inatosha: daktari akishaandika kwamba mfungwa hatapona, jopo likae ndani ya siku 14, lisiulize ni mwezi gani wala amefungwa kwa kosa gani, na jawabu lipande juu peke yake bila kungoja kundi. Kosa alilofanya mtu liulizwe wakati wa kupanga masharti, na familia ya aliyetendewa isikilizwe hapo. Kwa mahabusu taarifa hiyohiyo ya jopo iende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kwa hakimu.

Ndugu Mhariri, kwa uzoefu wangu majina ya Desemba huanza kukusanywa magerezani mapema, na yakishafungwa hayafunguliwi tena mpaka Aprili. Kama barua hii itafaa kuchapwa, naomba ichapwe kabla ya hapo.

Sajini mstaafu wa Magereza,
Kihonda, Morogoro.
(Jina na anwani vimehifadhiwa na Mhariri)